Aliyekimbia Hofu Atengeneze Hofu?

Mwaka jana nilijaza fomu ya kuomba msaada wa masomo. Wengi wenu mnaosoma kurasa hizi mnaijua fomu ya namna hiyo: jina, namba ya hati ya familia, mwaka uliofika Uganda, halafu lile swali la ukurasa wa mwisho: Masomo yako yataisaidiaje jamii yako? Niliandika kwamba nasoma uhandisi wa mitambo ili siku moja nitengeneze madaraja na pampu za maji. Niliandika vizuri, bila kufuta hata neno moja. Na ulikuwa uongo.

Ukweli ni kwamba nataka kutengeneza rola kosta.

Kwa asiyeijua: ni treni ya michezo. Inavutwa mpaka juu ya mlima wa chuma, halafu inaachiwa. Mara nyingi haina injini yoyote ndani yake. Inateremka, inapinda, nyingine inageuza watu miguu juu kichwa chini, watu wanapiga kelele, kisha inarudi pale pale ilipotokea na watu wanashuka wakicheka. Sisi tuliosoma Congo kwa Kifaransa tunaijua kwa jina la milima ya Kirusi. Warusi wenyewe wanaiita milima ya Kimarekani. Kumbe kila mtu anasema ni kitu cha wengine! Mimi mwenyewe sijawahi kupanda hata moja. Niliiona kwenye simu, na nilichokiona hakijanitoka mpaka leo.

Jioni moja, katika vyumba vyetu viwili hapa Nsambya, nilikuwa nikitazama video ya treni hiyo ikipandishwa. Inapopanda inatoa sauti: ka-ka-ka-ka-ka, kavu, ya chuma kwa chuma. Mama alikuwa akichambua maharagwe. Mdogo wangu wa kike alikuwa amesinzia. Sauti ile ilipotoka, mdogo wangu aliamka na kuingia chini ya meza kabla hata hajafumbua macho. Mama naye alisimama, maharagwe yakamwagika yote.

Hakuna aliyehitaji kuuliza. Sisi tulitoka Kibumba mwaka 2012, tukavukia Bunagana kwa miguu, tukalala Nyakabande, tukapelekwa Rwamwanja, halafu tukaja Kampala kutafuta maisha. Sauti ya ka-ka-ka tunaijua. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Nilipomweleza Mama ni video ya nini, na kwamba ndiyo kazi ninayoitaka, alinyamaza kwanza. Halafu akasema:

"Weye mutoto, tulikimbia masasi. Leo unataka batu balipe feza juu uwaogopeshe?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta mwaka mzima, na andiko hili ndilo nililolipata. Maana swali la Mama ni zito kuliko la fomu. Fomu inauliza kama ndoto yangu ina faida. Mama anauliza kama ni halali.

Nianze na kitu tunachokijua. Mjomba wangu alikuwa mtu wa chukudu. Wale wa Kivu hawahitaji maelezo, lakini kwa wengine: ni baiskeli ya mbao isiyo na pedali wala mnyororo, magurudumu mawili ya mti, inabeba magunia ambayo ng'ombe angeyalalamikia. Goma wameisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara, ndiyo heshima yake. Mjomba alikuwa akishusha makala na viazi kutoka Kibumba hadi Goma, zaidi ya kilomita 20, na karibu yote ni mteremko. Kwenda, mlima unafanya kazi. Kurudi, unasukuma mwenyewe.

Jumapili hakukuwa na mzigo. Basi Jumapili Mjomba alitupakia sisi watoto, wawili kwa mara moja, akatuteremsha. Upepo machoni, tumbo linabaki nyuma, tunapiga mayowe mpaka sauti inakauka. Chini tunashuka tukitetemeka, tunamwambia: tena! Lakini kabla ya kutupandisha, kila mara, alipiga goti na kukagua kile kipande cha mpira kilichopigiliwa nyuma, anachokikanyaga kiguse gurudumu. Ndiyo breki yake. Kwa viazi alikikagua mara moja. Kwa watoto alikikagua mara mbili. Nilikuwa mdogo, nikadhani anachelewesha raha.

Nilipoanza kusoma historia ya rola kosta nilicheka peke yangu, kwa sababu nilimkuta Mjomba humo. Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, mahali palipoitwa Mauch Chunk, mwaka 1827 walijenga reli ya kushusha makaa ya mawe kutoka mgodini. Mabehewa yalishuka yenyewe kwa mteremko, na nyumbu walipanda humo humo kwenda chini, ili baadaye wayavute kurudi juu. Miaka ikapita, migodi ikapata njia nyingine, na watu wakaanza kulipa ili washuke kwenye reli ile kwa raha tu. Mwaka 1884 LaMarcus Thompson akajenga pale Coney Island, New York, reli iliyotengenezwa makusudi kwa mchezo. Nauli senti 5, mwendo kama kilomita 10 kwa saa. Chukudu ya Mjomba ilikuwa na kasi zaidi!

Kwa hiyo mchezo na kazi wametoka tumbo moja. Mteremko ule ule ulioshusha makala siku za kazi ulitushusha sisi Jumapili. Kilichobadilika ni mzigo tu.

Lakini hiyo bado haijamjibu Mama. Yeye hakusema mchezo ni mbaya. Alisema kuogopesha watu ni kubaya, hasa kwa mtu aliyeogopeshwa.

Nikajiuliza: zile mbio za chukudu na zile mbio za kwenda Bunagana zilitofautiana nini? Moyo ulidunda vilevile na miguu ilitetemeka vilevile. Mtu angetupima damu siku hizo mbili, labda asingejua ipi ni ipi. Mwili una hofu moja tu, hauna mbili. Tofauti haiko mwilini.

Jibu la haraka ni kwamba moja tuliichagua na nyingine hatukuichagua. Ni kweli, lakini haitoshi. Wako waliochagua kupanda mashua mbovu baharini, wakalipa na nauli, na hofu yao haikuwa mchezo. Mtu anaweza kuchagua jambo asilolijua mwisho wake.

Nadhani tofauti ni hii: kwenye chukudu kulikuwa na mtu aliyepiga goti. Kabla sisi hatujaogopa, mtu mzima alikuwa ameogopa kwa niaba yetu. Alikwisha kufikiria jiwe, kona, breki kukatika. Hofu yetu ilikuwa nyepesi kwa sababu yeye alibeba ile nzito. Barabara ya Bunagana hakuna aliyepiga goti. Wazazi wetu walijaribu, lakini wao wenyewe walikuwa wakianguka pamoja nasi.

Mhandisi wa rola kosta ndiye yule anayepiga goti. Acha nieleze kidogo, maana humu ndimo nilimoipendea kazi hii.

Ukiiachia treni kutoka kimo cha meta 30, ukiacha kando msuguano na upepo, chini itakuwa na mwendo wa karibu kilomita 87 kwa saa. Hesabu yake ni fupi, na kinachonifurahisha ni kwamba uzito hauhesabiwi, unafutika pande zote mbili. Tajiri mnene na mkimbizi mwembamba wanashuka kwa kasi moja. Sijui sheria nyingine inayotutendea hivyo.

Sasa treni hiyo hiyo ipitishe kwenye kitanzi, igeuke miguu juu. Zamani walijenga kitanzi cha duara kamili, kama kile cha Coney Island cha mwaka 1895. Hesabu ya duara ni kali: ukitaka treni ipite juu bila kuachana na reli, kule chini kila abiria atabebeshwa uzito wake mara 6. Shingo za watu ziliumia. Ilikuja kupatikana mwaka 1976, Wajerumani wawili, Anton Schwarzkopf na mhandisi Werner Stengel, walipojenga huko California kitanzi chenye umbo la tone la maji: kipana chini, chembamba juu. Abiria bado anapiga kelele, lakini shingo yake imesamehewa. Mtu alikaa na penseli akatafuta namna ya kumtisha mwenzake bila kumuumiza.

Hata magurudumu. Ukiangalia behewa utayaona yale ya juu ya reli. Lakini yako mengine ubavuni, na mengine chini ya reli, ili treni isiweze kuruka hata ikitaka. John Miller alipata hati ya uvumbuzi wa hayo ya chini mwaka 1919. Abiria hayaoni. Kazi yao ni kushika pale ambapo yeye anahisi ameachiwa.

Halafu ile sauti. Ka-ka-ka-ka. Niliposoma maana yake, niliweka kitabu chini nikatoka nje kupunga hewa. Chini ya treni kuna kidole cha chuma, na katikati ya njia kuna meno ya chuma. Treni inapopanda, kidole kinaangukia jino moja baada ya jingine. Mnyororo ukikatika, treni haiwezi kurudi nyuma hata hatua moja, kidole kitaikamata. Sauti inayowatia watu hofu ndiyo sauti ya kushikwa. Kila ka moja inasema: huwezi kurudi nyuma kuanzia hapa. Na hapa. Na hapa.

Kutokana na hayo nimejitungia sheria yangu ya kazi: hofu inauzwa, hatari haiuzwi. Anayeuza hatari akaiita mchezo ni mwizi. Na anayeuza hofu lazima awe amekwisha kuimeza hatari yote yeye mwenyewe, usiku, kwenye karatasi.

Ningependa kuishia hapo, nionekane mwenye hekima. Lakini kuna jambo sijalisema.

Mchana nafanya kazi kwenye karakana ya vyuma pande za Katwe. Tunatengeneza milango, madirisha, majiko, na mara nyingine bembea za shule za watoto wadogo. Miaka miwili iliyopita shule moja ilituagiza bembea ya kuzunguka, yenye viti sita. Walitaka bei ya chini, sisi tulitaka pesa kabla ya Jumamosi. Tukatumia bomba jembamba. Viti vitatu nilivichomelea mimi. Kimoja nilikiona kiungo chake hakijashika vizuri, kina matundu matundu kama chapati. Nikakipaka rangi.

Wiki ya tatu kiti kilikatika kikiwa na mtoto. Alivunjika mkono. Nilikwenda kumwona na fundi wangu, tumebeba maji ya matunda na aibu. Mama wa mtoto hakutukana. Alisema kwa Luganda, taratibu, kwamba geti la nyumba yake nalo lilitoka Katwe. "La kuzuia wezi mliweka chuma kinene," alisema. "Ya watoto mkaweka chembamba."

Mkono ulipona. Sentensi ile haijapona.

Kwa maana alitaja kosa letu lote, na si la karakana peke yake. Tunadhani mchezo ni kitu chepesi, basi na chuma chake kiwe chepesi, na fundi wake awe yeyote, na akili ibaki kwa mambo ya maana. Fomu ile nayo inadhani hivyo. Wazee wetu kanisani wanadhani hivyo. Hata Aristotle aliandika kwamba tunacheza ili tupate nguvu ya kurudi kazini, yaani mchezo ni mtumishi wa kazi. Lakini mtoto kwenye bembea harudi kazini. Yuko pale kwa ajili ya pale. Na ni pale alipojiachia kabisa, mikono juu, ndipo anapohitaji chuma kinene kuliko mahali pengine popote. Anayepita daraja hupita kwa tahadhari. Anayecheza hana tahadhari, ameiacha kwako.

Najua mtakachosema, maana nimeambiwa tayari. Papa mmoja tunayesali naye aliniita pembeni:

"Batu banakufa na njaa, weye uko unawaza bintu bya kuchezea? Ile nafasi ya shule ni yetu sisi bote. Unasoma kwa jina yetu."

Simdharau. Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na nafasi za chuo zinahesabika. Ada ya mtu mmoja ingeweza kuwa madaftari ya watoto wengi. Tena rola kosta zinajengwa Ujerumani, Uswisi, Uholanzi, Marekani. Ukumbini mwangu hakuna hata bembea. Hata kama nitafika huko, watoto wa Nsambya hawatapanda kitu nilichokijenga. Uzito huu nauhisi, na sitaki kuupunguza kwa maneno.

Kuna njia rahisi ya kumjibu. Ningeweza kusema: Papa, hesabu za rola kosta ndizo zile zile za daraja. Uchovu wa chuma ni ule ule, bolti ni ile ile, nikishindwa hili nitafanya lile. Ni kweli tupu, na wahandisi wa kweli wa kazi hii huanza kwa uhandisi wa mitambo au wa ujenzi kama unaofundishwa Makerere na Kyambogo. Lakini nikijitetea hivyo nimerudi kwenye uongo wa fomu. Nimekubali tena kwamba mkimbizi anaruhusiwa kutaka kitu pale tu kitu hicho kinapofanana na msaada.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Haikusema iwe kazi ya huzuni. Mtoto wa mwenyeji akisema nataka kuchora katuni, wanamuuliza kama anajua kuchora. Mtoto wa mkimbizi akisema hivyo, wanamuuliza: na jamii yako? Sisemi swali ni baya. Nasema anayeulizwa swali hilo kila siku mwishowe hujifunza kudanganya, kama nilivyodanganya mimi, na anayedanganya kuhusu anachokitaka atachomelea vibaya. Kiungo kile cha matundu nilikipaka rangi siku ambayo nilikuwa nikiiona kazi ile kama ya kupitisha wakati tu, kabla ya "kazi ya maana".

Kwa Papa nina jibu moja dogo. Tulipoteza nyumba, mashamba na watu. Lakini kuna kitu kingine tulichopoteza ambacho hakiandikwi kwenye orodha za ugawaji: uwezo wa kujiachia. Mama hapandi boda bila kushika chuma cha nyuma kwa mikono miwili. Mdogo wangu analala na viatu. Rola kosta ni safari ya pekee ninayoijua ambayo lengo lake lote ni kukurudisha ulipopandia. Inakupeleka kwenye hofu na inakurudisha, kwa dakika mbili, na mtu fulani ametia saini kwamba utarudi. Sisi safari yetu haikutiwa saini na mtu. Labda si ajabu kwamba mmoja wetu anataka kujifunza kutia saini hiyo. Kama hiyo si msaada, basi sio. Lakini si upuuzi.

Mwezi uliopita nilimwonyesha Mama ile video tena. Safari hii nilimwonya kwanza, nikamchorea kwa chaki sakafuni: hiki kidole, haya meno, mnyororo ukikatika kinashika hapa. Halafu nikaweka sauti, chini chini. Ka-ka-ka-ka. Alikaza taya lakini hakusimama.

"Ile kelele njo breki?"

"Ndiyo, Mama."

"Ungenielezaka toka mbele." Akaitazama treni ikifika juu, ikisimama kidogo kama inawaza. Ilipoanguka alifumba macho. Alipofumbua, watu walikuwa wanashuka, mmoja anatafuta kofia yake. Mama akasema, "Miye siwezi panda. Lakini kama ni weye ulichomelea, nitasimama pale chini, nichunge viatu ya batu."

Fomu ya mwaka huu iko mezani, chini ya sahani ili isipeperuke. Swali la ukurasa wa mwisho ni lile lile. Siku ya kurudisha ni Ijumaa. Sijui kama wataisoma mpaka mwisho, na sijui kama nikiandika ukweli nitapata hata barua ya kukataliwa. Lakini nimeshaandika mstari wa kwanza, kwa kalamu: Nataka kutengeneza michezo kwa chuma kinene.